Wiki mbili Ladakh: ajenti wa Dar nyota mbili, watu wa Leh nyota tano

Nimeulizwa na kila mtu kuanzia mama mpaka bodaboda wa kijiweni kwetu Tabata, we Kilimanjaro hujapanda, Himalaya umeenda kufanya nini? Jibu la maana sina. Shosti wangu aliona picha ya monasteri moja, yaani nyumba ya watawa wa Kibudha, majengo meupe yamepandana kwenye kilima utadhani yameota yenyewe, akanitumia saa sita usiku na neno moja tu "twende", mi nikiwa nusu usingizini nikajibu "twende", asubuhi naamka nakuta ameshaongea na ajenti. Mwezi ule hela ya mchezo ilikuwa zamu yangu, yeye alikuwa na kibubu chake, kwahiyo hata kisingizio sikuwa nacho.

Naandika hii kwa sababu watu wameanza kuniulizia namba ya yule ajenti, na kabla hujamtumia hata shilingi naomba usome mpaka chini. Jina simtaji. Ofisi yake iko mjini, ghorofani, ina makochi mazuri na kiyoyozi cha kukugandisha, inatosha.

Kwanza tuelewane tunaongelea wapi. Ladakh iko juu kabisa ya ramani ya India, imebanwa kati ya safu za milima ya Himalaya na Karakoram, mji wake mkubwa ni Leh, na tangu Oktoba 2019 imetengwa na Jammu na Kashmir, inaendeshwa moja kwa moja na serikali kuu ya Delhi. Watu wake ni Wabudha wa mapokeo ya Kitibeti na Waislamu, mchanganyiko. Pale Leh msikiti wa Ijumaa uko sokoni kabisa, chini ya ikulu ya zamani ya wafalme yenye ghorofa tisa, adhana unaisikia huku vitambaa vya dua vya Kibudha vinapepea juu ya kichwa chako. Mimi ni Muislamu na hilo lilinituliza moyo tangu siku ya kwanza, na hata chakula hakikunisumbua maana huko vijijini ni mboga na unga karibu siku zote.

Haya, pakeji. Tulikabidhiwa karatasi ya kung'aa yenye picha, siku tisa. Siku ya kwanza tunatua Leh. Siku ya pili tunapelekwa kwa gari Khardung La, barabara inayokatiza juu kabisa ya mlima. Siku ya tatu tunaanza kutembea bonde la Markha, tunatembea mpaka siku ya nane, siku ya tisa asubuhi ndege ya Delhi, mchana ndege ya Mumbai, usiku huo huo tunageuza Dar. Mimi na ushamba wangu nikaona safi, hamna muda unaopotea, hela yangu inafanya kazi kila siku.

Sasa sikiliza. Leh iko mita 3,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa lugha ya nyumbani, hiyo ni chini kidogo tu ya Horombo, kile kituo cha mita 3,720 ambacho mpanda Kilimanjaro wa njia ya Marangu anafika siku ya pili kwa miguu yake, tena kwa kujikongoja. Leh unafika kwa ndege, saa moja na ushee kutoka Delhi, na Delhi yenyewe iko mita mia mbili na kitu. Mwili haujapewa hata taarifa. Oksijeni unayoivuta kwa pumzi moja ni kama theluthi mbili ya ile ya Dar. Afu kesho yake eti upandishwe Khardung La ambayo ni mita 5,359! Watu wanakufa hivyo, mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba, si hadithi za kutishana, ni kitu kinachojulikana na kinachozuilika kwa njia rahisi tu, kukaa chini ukatulia.

Hayo yote sikuyajua. Nilikuja kuyajua kwa sababu ajenti alituunganisha kwa Wosapu na kampuni ndogo ya Leh ili watuulize saizi za viatu, nikawatumia ile karatasi ya kung'aa, nikidhani nawarahisishia kazi. Jibu likarudi baada ya dakika tatu: hapana, hii hatufanyi. Siku tatu za kwanza hamwendi popote, mnalala Leh, mnakunywa maji, mkitembea ni mpaka sokoni na kurudi. Siku ya nne na ya tano ni monasteri kwa gari, za chini chini. Ndo tuanze kutembea. Na kabla ya ndege ya kurudi acheni siku moja tupu, kwa sababu ndege za Leh zinaruka asubuhi na hali ya hewa ikichafuka zinaahirishwa. Kama hamtaki tafuteni wengine.

Nikampelekea ajenti. Akacheka. Akasema mbona Kilimanjaro watu wanapanda na kushuka siku tano, nyie vijana mnataka kulipia kulala? Afu akatutoza hela ya ziada ya zile siku. Nina khanga yangu moja imeandikwa mdhaniaye ndiye kumbe siye, nikaifungasha siku hiyo hiyo.

Ila tukalipa. Na naomba niseme hapa hapa kabla sijafika mbali, zile siku tatu za "kulipia kulala" ndo kitu cha thamani kuliko vyote nilivyonunua kwenye safari nzima, kuzidi hata ndege.

Maandalizi nayapitisha haraka. Viza ya India tuliomba mtandaoni, haikusumbua. Jaketi nzito la manyoya ya bata nilipata mitumba Karume kwa bei ambayo nikimwambia muuza duka wa Ulaya atalia, viatu vya kupandia pia Karume, nikavivaa mwezi mzima kwenda kazini nikawa kichekesho cha ofisi, lakini sikupata lengelenge hata moja. Shosti alinunua vipya dukani wiki ya safari, vidole vyake viliongea. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, niliandikiwa na daktari, usijinunulie tu, kuna watu wana mzio na dawa za salfa. Inakukojoza, vidole vinakufa ganzi ya kuchomachoma, na soda inapoteza ladha kabisa, unakunywa kama maji ya betri. Simu: laini ya kulipia kabla uliyoisajili Delhi au Mumbai ikifika Ladakh inakufa, usijisumbue kuzima na kuwasha kama mimi uwanja wa ndege. Ajenti alikuwa ametuuzia laini mbili za hivyo, za "India nzima".

Siku ya kwanza Leh nilijiona niko poa. Natoka ndegeni, jua kali, hewa kavu, milima ya rangi ya udongo mtupu haina hata mti, nikasema kumbe ndo hii waliyokuwa wanatutishia. Tumefika nyumba ya wageni, chumba ghorofa ya pili. Ngazi kumi na nne. Nilizihesabu kwa sababu ya tisa nilikaa. Moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa, na begi langu kabeba mtu mwingine! Mwongozaji wetu, dada mmoja mtulivu wa miaka thelathini hivi, akanibana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni, kikasoma 84, kwa Dar hapo wangenikimbiza hospitali. Yeye kaniangalia tu kasema kwa siku ya kwanza ni kawaida, kunywa maji, usioge maji ya moto sana, usilale mchana. Jioni 86. Asubuhi ya tatu 91. Mara tatu kwa siku alikuwa anakuja kutupima na anaandika kwenye kidaftari chake cha shule. Ajenti wangu hajawahi kuniuliza hata kama nina pumu.

Na kukaa bure Leh si adhabu. Unakaa barazani unakula aprikoti, zile zilizokaushwa, na mkate wao mnene wa mviringo unaoitwa khambir na siagi. Chai sasa. Wana chai ya siagi na chumvi. Mtu wa pwani aliyezoea chai ya tangawizi na sukari vijiko vitatu, unapewa chai ya chumvi yenye mafuta juu, ulimi unakataa kusaini. Siri niliyopewa ni usiifikirie kama chai, ifikirie kama supu. Ikapita. Kufika siku ya kumi mlimani nilikuwa naiomba mwenyewe.

Siku ya nne, Thiksey. Hii ndo ile ya kwenye picha, kama kilomita 20 kutoka Leh, ghorofa kumi na mbili zimeshuka na kilima, watu wanaifananisha na Potala, ikulu ya zamani ya Dalai Lama kule Lhasa, Tibet. Tuliamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi ibada ya asubuhi, na nilinuna njia nzima. Tumefika bado kuna kigiza, juu ya paa watawa wawili wamesimama na mabaragumu ya shaba marefu kuliko wao wenyewe, wakapuliza. Kama umewahi kuisikia siwa Lamu au kwenye makumbusho ukaambiwa ilivyolia, basi fikiria siwa yenye sauti inayotoka chini ya ardhi. Nywele zilisimama.

Ndani unavua viatu, unavua kofia, unakaa pembeni ukutani, miguu unaikunja usiielekeze kwenye sanamu. Nilijifunga khanga mabegani na dada mwongozaji akaniuliza imeandikwa nini, kumtafsiria mdhaniaye ndiye kumbe siye ndani ya nyumba ya ibada kwa kunong'ona, ilikuwa kazi. Watawa wakubwa wanakaa mbele, watoto nyuma, wanasoma kwa sauti moja inayozunguka, na kila mmoja anajitikisa kidogo mbele na nyuma. Jamani, madrasa! Ni madrasa ile ile ya Magomeni niliyosoma, hata yule mtoto wa mwisho anayesinzia alikuwepo, kama miaka minane hivi, kajifunga joho jekundu limemzidi, kichwa kinashuka taratibu taratibu, mzee wa mbele yake anageuka bila kuacha kusoma anamgusa goti, mtoto anashtuka anadakia katikati ya sentensi kama hakuna kilichotokea. Afu huyo huyo mtoto akatumwa chai. Akaja na birika kubwa linalomshinda uzito, anawamiminia wote kwa mpangilio, wageni tukamiminiwa pia, na kila mtawa anatoa unga wa shayiri iliyokaangwa kwenye kifuko anautia kwenye bakuli la chai anaukanda kwa vidole unakuwa kidonge. Wanakula huku kitabu kiko wazi. Tulikaa saa nzima na ushee, sikuelewa hata neno moja, na sikuchoka.

Juu kuna Maitreya, yaani Budha anayengojewa kuja. Mita 15, ameketi, ametengenezwa kukumbuka ujio wa Dalai Lama mwaka 1970. Kinachokupata ni kwamba unaingilia ghorofa ya juu, kwahiyo humwoni miguu, unafungua mlango unakutana na uso. Mkubwa, wa dhahabu, umetulia, unakuangalia wewe na viatu vyako mkononi. Shosti alisema "shikamoo" kabla hajajijua.

Hemis siku hiyo hiyo mchana, nyota tatu. Ni kubwa na tajiri, ina makumbusho mazuri, lakini utamu wake ni tamasha lao la Juni au Julai, watawa wanacheza na vinyago kumuenzi Padmasambhava, mwalimu wao wa zamani wa Kibudha, na sisi tulikwenda Septemba. Tukakuta uani mabasi ya watalii na watu wanapiga selfi. Kama unaweza kupanga likizo upatie tamasha, panga.

Alchi ndo sikutegemea. Iko upande mwingine, kama kilomita 65 magharibi mwa Leh, chini kidogo kando ya mto Indus, haiko hata juu ya mlima, imejificha katikati ya miti ya aprikoti kijijini utadhani ni ghala la mtu. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, na giza, unaingia na tochi ndogo. Kuna jengo moja linaitwa Sumtsek, la karne ya 12 au 13, ndani wamesimama masanamu matatu marefu mpaka vichwa vimetokea ghorofa ya pili. Nikawa namulika miguuni tu bila mpango, nikaona kikoi. Yaani ile nguo aliyofungwa kiunoni sanamu imechorwa, kila kipande, mwingine amechorewa majumba na mahekalu, mwingine maisha ya Budha, vitu vidogo vidogo hivi, watu, farasi, mtu anapita dirishani, ukubwa wa ukucha. Nilikaa nimechuchumaa na tochi mpaka magoti yakauma. Mimi ni mtu wa khanga, nimekulia kwa bibi anayeuza khanga, najua nguo inayosema. Ile ilikuwa inaongea miaka mia nane kabla yangu. Mlinzi wa mlango akaja kuniangalia kama nimezimia.

Kwenye pakeji ya ajenti Alchi haikuwepo. Ilikuwepo Khardung La, "piga picha na kibao".

Sasa kutembea. Tulianzia Chilling, kijiji kinachojulikana kwa mafundi wa shaba, tukavuka mto Zanskar kwa daraja tukaingia bonde la Markha. Usiku wa kwanza Skiu, wa pili Markha kijijini, wa tatu Hankar ambako ni kama mita 4,000. Hulali kwenye hema, unalala nyumbani kwa watu, zamu inazunguka kati ya familia ili kila nyumba ipate wageni, na hela unampa mama mwenye nyumba mkononi. Huu utaratibu nauombea uje Usambara na Uluguru. Jiko lao ndo sebule, katikati tanuri la chuma linawaka mavi makavu ya ng'ombe, ukutani masufuria ya shaba yamepangwa yanang'aa kama ya bi harusi wa Kizanzibari. Unakaa chini kwenye mkeka. Jioni ya Markha tulipikiwa kitu kinaitwa paba, unga wa shayiri na njegere umesongwa ukawa mgumu, unamega kwa mkono unachovya kwenye mtindi wenye majani. Ni ugali. Msinibishie. Yule mama alituona tunavyomega na kufinyanga kwa vidole bila kufundishwa, akaita na jirani aje aone.

Choo: chumba cha juu, sakafu ya udongo, tundu, na koleo. Ukimaliza unashushia udongo. Hakinuki kuliko vyoo vya stendi yoyote ninayoijua, na baadaye kinakuwa mbolea ya shamba. Maji huko ni ya theluji inayoyeyuka tu, mvua ya mwaka mzima Leh ni milimita 100 hivi, Dar tunapata zaidi ya elfu moja na bado tunagombana na bomba.

Mchana ni kutembea tu, polepole, saa tano mpaka saba, mto unauvuka kwa kuvua viatu, maji yana baridi ya kuuma mfupani mpaka unatukana kwa Kizaramo. Watu walikuwa wanavuna shayiri. Salamu ni moja, "julley", ndo habari, ndo asante, ndo kwaheri, hata ukisahau lugha zote hiyo inakutosha. Njiani kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa dua, unazipita zikiwa mkono wako wa kulia, na magurudumu ya dua unayazungusha hivyo hivyo kufuata saa. Dada hakutuhubiria, alituonyesha mara moja tu, na shosti alipopita upande usio wake alimsubiri tu arudi azunguke. Akarudi. Analalamika lakini akarudi.

Ukitoka Markha kuna gompa, yaani monasteri, ndogo inaitwa Techa, imening'inia kwenye jabali juu ya njia, ukiiangalia kutoka chini unajiuliza walipandishaje tofali. Tukapanda. Imefungwa! Funguo anakaa nazo mtawa, na mtawa yuko shambani kwa ndugu zake anasaidia mavuno. Dada akapiga ukelele bondeni, ukajibiwa, tukangoja dakika arobaini, mzee akapanda mbio mbio na mundu bado uko mkononi, hana hata jasho, mimi nilipanda pale kwa vituo sita. Ndani chumba kidogo, taa moja ya siagi, vibakuli saba vya maji vimepangwa mbele ya sanamu, moshi wa miaka umepaka ukuta mweusi. Akajaza taa siagi mpya, akatuambia tukae. Tukakaa. Hamna makumbusho, hamna duka. Kama nikiambiwa nichague moja kati ya hizi zote nitasema Alchi, lakini ninayoiota ni hii.

Hankar ndo shosti akashikwa. Kichwa, chakula hakipiti, usiku hajalala. Asubuhi anajikaza eti twende, hela imeshalipwa, ratiba inatubana. Dada akampima, akaandika kwenye kidaftari, akamwambia kwa upole kabisa: ukiwa na kichwa hupandi, unabaki ulipo mpaka kiishe, kikizidi tunashuka hata kama ni usiku. Akamlipa mwenye farasi wa mizigo yetu siku ya ziada mfukoni kwake, mama mwenye nyumba akatuongezea usiku mmoja, na dada alipoulizwa kuhusu malipo akasema tutaongea Leh. Leh akatutoza chakula na kulala tu. Kesho yake shosti alikuwa anaimba singeli huku anapiga mswaki.

Nimaling, mita 4,800 na kitu, juu kidogo ya Kibo Hut, kituo cha mwisho Kilimanjaro kabla ya kilele. Uwanda mpana, kondoo na yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, mlima Kang Yatze umekaa mbele yako mweupe, urefu wake 6,400. Hapa ni mahema, na usiku maji ya kwenye chupa yaligandia pembeni ya kichwa changu. Jaketi la Karume lilifanya kazi, Mungu ambariki aliyelitoa.

Kesho yake Kongmaru La, njia ya kukatiza juu ya mlima, mita 5,200 hivi. Bado uko chini ya Gilman's Point ya Kilimanjaro, kwahiyo msije mkanivisha taji. Ni saa mbili za kupanda, hatua, pumzi mbili, hatua, pumzi mbili, dada yuko mbele anasema kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe "pole pole", na nikamchukia. Juu kuna rundo la mawe na vitambaa vya dua vya rangi tano, bluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano, vinapigwa na upepo mpaka vinakatika nyuzi. Nililia kidogo. Shosti anasema sana. Kushuka ndo kubaya zaidi, saa nne za kokoto kwenye korongo, magoti yangu yalizeeka miaka kumi kabla hatujalikuta gari.

Ile siku tupu ya mwisho tuliyoambiwa tuiache? Ndege za asubuhi ile ambayo ajenti angetupangia zilifutwa, mawingu. Tulikuwa barazani tunakunywa chai ya chumvi tunawaangalia wenzetu wanarudi na mabegi, wengine na tiketi za Ulaya zimeshaungua.

Gharama yote kwa kichwa kimoja ilivuka milioni nne kidogo, na ndege ndo iliyomeza zaidi ya nusu. Ukienda moja kwa moja na kampuni ya Leh bila kupitia mjini kwetu itapungua, maana mtu wa katikati alikula tofauti nzuri tu. Viingilio vya monasteri na farasi wa mizigo havikuwemo kwenye "kila kitu kimo". Kibali cha bonde la Nubra kilikuwemo, huko wageni wanahitaji kibali maalumu kwa sababu ya mipaka, ila sisi Nubra hatukwenda, na hela yake mpaka leo naambiwa mhasibu yuko likizo.

Watu wa Leh nyota tano, ningeweza kuongeza ningeongeza. Juzi ajenti kanitumia ujumbe, eti nimpe tano kwenye ukurasa wake anipunguzie safari ijayo. Nimempa mbili. Moja ya kutukutanisha na wale wa Leh, nyingine ya kiyoyozi.